Swali Ni la Nani? Wahadhiri Vijana wa Pwani na Fedha za Utafiti za Ng'ambo

Watafiti wa mbu waliozunguka mji wa Malindi miaka ya 2000 hawakuishia kwenye mitaro na madimbwi ya vichochoroni. Walikagua pia mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa katika majumba na hoteli za ufuoni, yale ambayo wenyewe wameondoka na maji ya mvua yamekaa bila mtu wa kuyatia dawa. Humo walikuta viluwiluwi vya Anopheles, mbu aenezaye malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa mkazi wa Malindi habari hiyo ilikuwa nzito, kwa sababu ilionyesha kwamba malaria ya mjini haitoki tu katika mitaa ya watu maskini wanaolaumiwa kila mwaka kwa uchafu. Inazaliwa pia nyuma ya kuta ndefu za mwenye nyumba asiyekuwepo.

Kazi hiyo ya Malindi iliunganisha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kituo cha wadudu cha ICIPE na vyuo vikuu vya Marekani. Mmoja wa vinara wake alikuwa Charles Mbogo, mtaalamu wa mbu Mkenya ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia Kilifi. Sehemu ya fedha za mafunzo ilitoka katika Kituo cha Fogarty, tawi la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lililoanzishwa mwaka 1968 kushughulikia ushirikiano na nchi nyingine. Wakazi nao waliunda mwavuli wa vikundi, wakauita PUMMA, yaani Punguza Mbu na Malaria Malindi, wakawa wanasaka mazalia ya mbu mtaa kwa mtaa.

Fedha za namna hiyo ndizo zinazozungumzwa hapa: ufadhili wa kimataifa unaompa mhadhiri au mtafiti anayeanza nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe. Watu wengi huuchanganya na ufadhili wa masomo. Ufadhili wa masomo hulipa karo ili usome kilichopangwa. Ufadhili wa utafiti hukuuliza wewe unataka kujua nini, kisha hulipa mshahara wako, safari za nyanjani, maabara na msimamizi wako, ili ukatafute jibu. Umuhimu wake kwa Pwani uko hapo penye kuuliza.

Tuanze na hali ya mhadhiri kijana wa afya ya umma katika chuo cha umma nchini Kenya. Ana shahada ya uzamili na cheo cha mhadhiri msaidizi. Anafundisha kozi kadhaa kwa muhula, madarasa yakiwa na wanafunzi wengi kuliko viti. Muhula ukiisha ana mafungu ya mitihani ya kusahihisha. Wanafunzi wake wakipelekwa kujifunza kazi katika zahanati za Ganze au Magarini, yeye ndiye wa kuwafuata huko kuwakagua. Mshahara haukidhi, hivyo wikendi anachukua vipindi vya ziada katika chuo kingine. Na mara kwa mara mshahara wenyewe hugeuka kuwa vita. Mwaka 2024 na tena mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai malipo yaliyokubaliwa katika mikataba yao.

Katika hali hiyohiyo anatakiwa awe na uzamivu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni kwamba cheo cha mhadhiri kinadai shahada hiyo, na wale waliokuwa na uzamili wakapewa miaka mitano. Miaka hiyo ilipita, na wengi walikuwa bado wanasahihisha mitihani. Kanuni ilidai shahada lakini haikumpa mtu hata siku moja ya kuisomea.

Ndiyo maana naona kwamba kitu cha thamani kuliko vyote katika ufadhili mzuri ni muda. Mojawapo ya tuzo za Fogarty imetengenezwa kwa watu wa aina hii hasa, wanasayansi wa nchi za kipato cha chini na cha kati walio katika ngazi za mwanzo za ualimu wa chuo. Inawalipa kwa miaka mitatu hadi mitano, na sharti lake kubwa ni kwamba mwajiri awaachie muda wa utafiti. Mkuu wa idara hutia saini. Mwenye tuzo anapunguziwa vipindi, na fedha za mshahara zinazokibakia chuo zinaweza kumwajiri mtu wa kumshikia darasa. Haya yanaonekana mambo madogo ya ofisini. Lakini anayejua jinsi wazo la utafiti linavyokufa polepole chini ya rundo la karatasi za mitihani ataelewa kwa nini saini hiyo ni kubwa.

Kilifi ndipo mahali pa kuangalia jambo hili lilivyoweza kufanyika. Mwaka 1989, karibu na hospitali ya wilaya, KEMRI, Chuo Kikuu cha Oxford na Wellcome Trust ya London walianzisha mpango wa utafiti ambao leo kila mtu kuanzia Mnarani hadi Tezo anauita Kemri tu. Kevin Marsh, daktari Mwingereza, aliuongoza kwa zaidi ya miongo miwili. Upande wa KEMRI, Norbert Peshu alikiongoza kituo tangu mwanzo. Wakati huo malaria ndiyo iliyojaza wodi za watoto, na swali la kwanza kubwa lilikuwa rahisi kulieleza: chandarua chenye dawa kinaokoa maisha ya watoto, au kinapunguza tu kuumwa na mbu? Jaribio lililofanywa Kilifi kati ya mwaka 1993 na 1995 lilionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na ni sehemu ya ushahidi uliofanya vyandarua vigawiwe Afrika nzima.

Mwaka 2000 ukaanzishwa mfumo wa kuhesabu watu wote katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali. Zaidi ya robo milioni ya wakazi huorodheshwa nyumba kwa nyumba, na kumbukumbu zao huunganishwa na kumbukumbu za wodini. Mtoto akilazwa, inajulikana anatoka kijiji gani na kama alichanjwa. Ndiyo hazina iliyowezesha kupimwa kwa chanjo nyingi, ikiwemo chanjo ya malaria ya RTS,S ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2021, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio lake la mwisho.

Haya yote yangeweza kufanyika bila Kilifi kupata mtafiti hata mmoja wa kwake, na Pwani yetu ina mfano wa jambo la namna hiyo. Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco la kurushia setilaiti baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa la Kiswahili na bahari ilikuwa yetu. Maswali na wanaoyajibu walitoka mbali. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliotiwa saini mwaka 2016 umeyapa mafunzo ya Wakenya nafasi yake, lakini kwa mtoto wa Ngomeni aliyezaliwa mwaka ule wa 1970 umechelewa mno.

Kilichoitofautisha Kilifi ni ngazi ya ufadhili iliyojengwa kidogo kidogo. Chini kabisa wapo wahitimu wa sekondari za kaunti wanaochukuliwa kwa miezi michache kufanya kazi na wanasayansi. Juu yao wapo wahitimu wa shahada ya kwanza, ambao wengine husomea stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya, inayotolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani. Kisha huja uzamili, uzamivu na ufadhili wa baada ya uzamivu, chini ya mpango wa IDeAL ulioongozwa na Sam Kinyanjui. Kuanzia mwaka 2015 mpango huo ulipata fedha kupitia DELTAS, mradi wa Wellcome na serikali ya Uingereza uliosimamiwa kutoka Nairobi, ambao leo uko chini ya Wakfu wa Sayansi kwa Afrika. Wanafunzi wengi wa uzamivu waliandikishwa katika Open University ya Uingereza huku wakiishi na kufanya kazi hapahapa Kilifi. Mtu hakulazimika kuhama nyumbani ili awe daktari wa falsafa. Alihitaji swali zuri, msimamizi mwenye subira na miaka mitatu au minne ya amani.

Nani basi amepita katika ngazi hii, na ameuliza nini? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda.

Amina Abubakar ni mwanasaikolojia aliyeanza utafiti wake Kilifi na kupata uzamivu Tilburg, Uholanzi. Tatizo alilolikuta lilikuwa hili: ukitaka kujua kama malaria au virusi vya Ukimwi vimemrudisha nyuma mtoto, lazima kwanza uwe na kipimo cha makuzi yake. Vipimo vilivyokuwepo vilitengenezwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani, vikidhani kila nyumba ina vitabu vya picha, ngazi na vitu vya kuchezea vya dukani. Mtoto wa Chonyi akishindwa kukitambua kitu asichowahi kukiona, anaandikwa kuwa ana upungufu. Yeye na wenzake walitengeneza kipimo kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 35, kikiangalia wanavyotembea, wanavyosimama na wanavyotumia macho na mikono pamoja, kwa vifaa vinavyopatikana hapa. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008, na kipimo kimebeba jina la Kilifi. Amina baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Pwani, kisha akaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Mwaka 2016 alipata tuzo ya Royal Society ya Uingereza kwa watafiti wa Afrika, tuzo ambayo Faith Osier, daktari wa watoto aliyeingia katika utafiti wa kinga dhidi ya malaria akiwa Kilifi, alikuwa ameipata mwaka 2014. Mwaka 2021 tuzo ya Afrika ya jumuiya hiyohiyo ilimfikia George Warimwe, daktari wa mifugo anayeshughulikia chanjo ya homa ya Bonde la Ufa kwa watu na mifugo.

Mfano wa pili ndio unaonigusa zaidi, kwa kuwa unahusu adabu zetu. Tangu miaka ya mwanzo, uvumi uliwafuata watafiti vijijini: wanachukua damu wanaiuza, wana mambo ya kishetani, hawa ni mumiani. Anayecheka uvumi huo asome historia ya pwani hii. Watu walionyang'anywa ardhi na kupelekwa utumwani wana sababu ya kumwogopa mgeni anayetaka kilicho ndani ya miili yao. Mpango wa Kilifi ulilazimika kujifunza kueleza utafiti kwa Kigiriama na Kiswahili, na kuanzisha mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe.

Dorcas Kamuya alifanya kazi ya kuunganisha watafiti na jamii kabla ya kwenda kwenye uzamivu, na akachagua kuwachunguza wafanyakazi wa nyanjani, wale vijana wa vijiji vilevile wanaobisha hodi wakiwa na daftari na vichupa. Aliona jambo ambalo fomu za idhini haziwezi kulionyesha. Familia inamkaribisha mgeni, inampa kiti, inakubali kila kitu. Siku ya kutolewa sampuli, mama ameenda matangani, mtoto yuko kwa bibi yake, baba simu haipatikani. Wiki inayofuata hali ni hiyohiyo. Karatasi inasema wamekubali. Nyumba inasema hapana. Makala aliyoichapisha na wenzake mwaka 2015 juu ya kukataa huko kwa kimya ilibeba kichwani mwake methali ambayo kila mtu wa pwani anaijua: akufukuzaye hakwambii toka.

Nauliza kwa dhati: nani mwingine angeliona jambo hilo? Mgeni msomi angeandika kwamba washiriki hawapatikani nyumbani, akatafuta dawa ya kuwapata. Aliyekaa na wahoji kwa miaka, akajua kwamba hapa kumkatalia mgeni usoni ni utovu wa adabu, ndiye aliyeweza kutambua kwamba kutokuwepo ni jibu. Na hilo lina uzito wa kimaadili duniani kote, maana idhini ni nguzo ya utafiti wa tiba popote. Ufadhili wa uzamivu wa mtu mmoja ulibadilisha namna ya kuyafikiria makubaliano kati ya mtafiti na mama mwenye mtoto mgongoni.

Mfano wa tatu ni wa karibuni. Corona ilipothibitishwa Kenya mwezi Machi 2020, maabara ya Kilifi iliyokuwa imezoea virusi vya mapafu vya watoto iligeukia kupima sampuli za kaunti za Pwani. Baada ya miezi mitatu, hesabu rasmi ya wagonjwa nchini ilikuwa bado maelfu machache. Sophie Uyoga, mtafiti Mkenya aliyefunzwa katika mpango huu, na wenzake walichukua damu ya watu 3,098 waliojitolea damu nchini kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, wakatafuta kingamwili. Makadirio yao yalikuwa kwamba asilimia 4.3 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wameshaambukizwa, na kwa Mombasa kiwango kilifika asilimia 8. Maana yake virusi vilikuwa vimeenea mbali kuliko ilivyoonekana hospitalini. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science. Charles Agoti, ambaye huandika pia kwa jina la Chuo Kikuu cha Pwani, aliongoza uchambuzi wa vinasaba uliofuatilia jinsi virusi vilivyoingia na kusambaa katika kaunti za pwani, uliochapishwa mwaka 2022. Wakati ule mipaka ilikuwa imefungwa na ndege zimelala. Hakuna mtaalamu wa ng'ambo ambaye angekuja kutusomea virusi vyetu. Waliokuwepo ni wale waliokwisha kufunzwa.

Ngazi hii hata hivyo ina nyufa. Faith Osier alipata tuzo ya Ujerumani iliyomwezesha kuanzisha kundi la utafiti Heidelberg mwaka 2016, kisha akawa profesa Imperial College London. Simlaumu, wala sioni kwamba amepotea, kwani aliendelea kujenga mtandao wa watafiti wa Afrika wa kinga ya malaria, na aliwahi kuwa rais wa umoja wa kimataifa wa vyama vya wanakinga. Fredros Okumu, Mkenya mwingine, alijenga jina lake kubwa katika utafiti wa mbu Ifakara, Tanzania, na Afrika Mashariki yote imefaidika. Lakini mtu akishapata uzamivu wa daraja la dunia, chuo chake kinampa nini cha kumrudisha darasani? Maabara isiyo na umeme wa uhakika na vipindi vilevile vya zamani havitoshi kumshikilia.

Ufa wa pili ni kwamba mpango wa Kilifi ni kisiwa cha neema karibu kabisa na chuo cha umma. Chuo Kikuu cha Pwani kilizaliwa kutokana na chuo cha kilimo mwaka 2007, kikapata hati kamili mwaka 2013. Kimekaa mji mmoja na mojawapo ya vituo vikubwa vya utafiti wa afya Afrika, na ushirikiano upo, na kituo chake cha utafiti wa bayosayansi kimetoa wanafunzi wazuri. Hata hivyo mhadhiri wake wa kawaida anayeomba ruzuku ya kimataifa anashindana na wenzake wenye ofisi nzima ya kuwaandalia bajeti. Akishinda, bado anahitaji kibali cha kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, barua ya idara ya afya ya kaunti, na mhasibu wa chuo anayeelewa kwamba mfadhili hatakubali risiti iliyoandikwa kwa kalamu. Miezi inapita. Tuzo ya miaka mitatu inakuwa ya miaka miwili.

Mpango ulioelewa tatizo hili vizuri kuliko mingi ni CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Unachukua wahadhiri ambao tayari wameajiriwa katika vyuo washirika, unawasomesha uzamivu wa afya ya umma na ya jamii, na kuwakusanya mara nne kwa semina ndefu za pamoja. Mhadhiri wa Ibadan anakaa meza moja na wa Makerere, wanasomeana mapendekezo ya utafiti na kukosoana. Pamoja na watu, CARTA inafunza pia vyuo: wakutubi, wahasibu na wasimamizi wa utafiti. Kwa Kenya, vyuo vilivyoingia tangu mwanzo ni Nairobi na Moi. Pwani haikuwemo, na katika kaunti iliyokuwa na watu 1,453,787 kwenye sensa ya mwaka 2019 hilo ni pengo linalostahili kuzibwa.

Sasa msingi wenyewe unatikisika. Uingereza ilipunguza misaada yake mwaka 2021 kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi Januari 2025 na kulifunga shirika la USAID mwaka huohuo. Mwezi Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utaratibu wa zamani wa kupitisha ruzuku zao kwa washirika wa nje, na bajeti ya mwaka wa fedha 2026 iliyopendekezwa na serikali ya nchi hiyo ilitaka Kituo cha Fogarty kifutwe kabisa. Wellcome bado ipo, na mali yake ni ya wakfu uliotokana na wasia wa Henry Wellcome, aliyefariki mwaka 1936, hivyo haiyumbishwi na uchaguzi. Lakini kuitegemea taasisi moja ya London kutulelea wanasayansi wa Ganze na Malindi ni kuegemea mnazi wa jirani.

Na uamuzi wa nani aulize nini hufuata mwenye fedha. Kwa miaka mingi malaria, Ukimwi na chanjo vilipata fedha kwa kuwa dunia iliviogopa au ilivitaka. Mambo mengine yanayowatesa watu wa Kilifi yalisubiri. Funza wanaowafanya watoto wasitembee kwenda shule. Nyoka, ambao kwao Watamu ina kituo cha Bio-Ken tangu mwaka 1980 lakini dawa ya sumu bado ni adimu zahanatini. Selimundu, ambayo wengi waliijua kama laana ya ukoo hadi kliniki ya Kilifi ilipoanza kuifuatilia. Mimba za wasichana wa shule. Majeraha ya bodaboda. Na baada ya mauti ya waumini wa Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa nyuma ya Malindi, kuna maswali ya afya ya akili, imani na upweke ambayo hakuna mfadhili wa mbali atakayeyaandika kwa niaba yetu. Yanahitaji mhadhiri anayezijua familia hizo, anayeweza kukaa nazo miaka bila kukimbizwa na makataa ya ripoti.

Sheria ya kulipia kazi hiyo tunayo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kusema utengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kinachoufikia mfuko huo kila mwaka ni sehemu ndogo sana ya kiwango hicho. Serikali za kaunti nazo, ambazo tangu ugatuzi wa 2013 ndizo zenye hospitali na zahanati, zinautumia utafiti lakini haziulipii. Benjamin Tsofa na wenzake walichunguza Kilifi jinsi ugatuzi ulivyoathiri mipango na fedha za afya, wakachapisha mwaka 2017. Kazi kama hiyo ndiyo kaunti yoyote ingepaswa kuinunua kwa fedha zake, maana inaieleza jikoni mwake.

Basi ombi langu ni dogo na linahesabika. Kaunti ya Kilifi itenge katika bajeti yake ya afya nafasi chache za ufadhili wa utafiti kila mwaka kwa wahadhiri vijana wa afya ya umma wanaofundisha ndani ya kaunti. Masharti yawe mawili tu: chuo kimwachie mhadhiri muda kwa maandishi, na swali litoke Malindi, Magarini, Ganze, Kaloleni, Rabai au Kilifi yenyewe. Chuo Kikuu cha Pwani kiajiri watu wa kusimamia ruzuku wanaojua kazi hiyo. Bunge la taifa liutimize wajibu wake kwa mfuko wa utafiti, au liwaeleze wananchi kwa nini halitaki. Wahadhiri wenyewe waziombe tuzo za kimataifa zilizobaki, na waandike maombi yao wakianza na tatizo walilolikuta kijijini kabla ya kutazama tangazo la mfadhili. Wawakilishi wa wadi wa Kilifi wanajadili bajeti kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, na sheria inamruhusu mwananchi yeyote kupeleka maoni yake. Msomaji wa Malindi au Kilifi, peleka lako.